Skrubu, boliti, bawaba na fisha za bei nafuu Dar: wapi ubane pesa, wapi uilegeze

Bisibisi_Nyota
Wakuu, habari za leo. Swali la skrubu za bei ya chini za Kariakoo linarudi kila wiki humu na majibu yametawanyika kwenye nyuzi kumi tofauti. Tuyaweke hapa yote: skrubu, fisha (vile vya plastiki vinavyoingia ukutani kushika skrubu), boliti, bawaba, kufuli. Mafundi mliomo ongezeni.

Msimamo wangu ni kwamba skrubu za bei nafuu zinafaa kwa kazi nyingi za nyumbani, ila zikaguliwe dukani kabla hujatoa hela. Na zipo sehemu tatu ambazo hupaswi kubana pesa kabisa: kitu kinachoning'inia juu ya kichwa cha mtu, kitu kinachopigwa na mvua au upepo wa bahari, na kitu ambacho ukishakifunika hutakifikia tena.

Anza na hesabu, maana bei ya boksi peke yake haikuambii kitu. Tuseme boksi la kwanza lina skrubu 500 kwa shilingi 12,000 na la pili lina 500 kwa 18,000. Moja ni shilingi 24 dhidi ya 36. Ikiwa kwenye lile la kwanza kila kumi zinaharibika mbili, umebaki na 400, kwa hiyo kila inayofanya kazi imekugharimu shilingi 30. Ongeza biti uliyoimaliza na muda wa fundi kung'oa vipande vilivyokatikia ndani ya mbao, faida imekwisha. Lakini ikiwa inaharibika moja katika mia, chukua la 12,000 bila wasiwasi. Kazi yako dukani ni kujua boksi lililo mbele yako ni la aina gani.

Omba lifunguliwe, mwaga skrubu kama ishirini juu ya karatasi. Angalia msalaba wa kichwani: kingo ziwe kali na shimo liwe na kina. Tembea na biti mbili za msalaba mfukoni, PH2 na PZ2. Ingiza biti, ishike ikiwa imelala. Skrubu nzuri inakaa kwenye biti, mbovu inacheza au inadondoka. Tofauti ya PH na PZ iko wazi ukitazama kwa karibu: PZ ina mistari minne midogo katikati ya mikono ya msalaba, PH haina. Skrubu nyingi za njano za mbao ni PZ, nyeusi za jipsam ni PH. Vichwa vingi vinavyosemwa "vimeliwa kwa sababu skrubu ni feki" vimeliwa kwa sababu biti ya PH2 imetiwa kwenye kichwa cha PZ2. Haikai sawasawa, ukikaza inapanda na kuchonga chuma.

Kisha izungushe juu ya kioo cha kaunta. Iliyonyooka inaviringika laini, iliyopinda inarukaruka. Angalia na ncha: meno yaanze kwenye ncha yenyewe. Yakianza milimita tatu juu yake, skrubu haitaingia bila kutobolewa njia (tundu dogo la kuanzia), na ukiilazimisha inapasua mbao.

Mwisho pima unene kwa kalipa. Boksi limeandikwa 4x40 (unene na urefu kwa milimita), pima kwenye meno. Ukikuta 3.6 badala ya 4 usione ni kitu kidogo. Uwezo wa skrubu kuhimili kunyongwa unafuata mchemraba wa kipenyo, hivyo kwa tofauti hiyo umepoteza zaidi ya robo ya nguvu. Ndiyo maana zinakatika shingo zikibakiza sentimita moja kuingia.

Kwa wanaonunua kwa namba za zamani: namba 6 ni karibu milimita 3.5, namba 8 ni 4.2, namba 10 ni 4.8, namba 12 ni 5.5.

Mgeni wa Jiji
Ahsante mkuu. Mafundi wengi naona wanatumia zile nyeusi kwa kila kitu: makabati, bawaba, hata bomba za pazia. Ni sawa? Maana ndizo rahisi kuliko zote.

Nati17
Si sawa, na hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote katika nyumba za Dar.

Nyeusi imetengenezwa kushikilia ubao wa jipsam kwenye fremu. Chuma chake kimeimarishwa kwa moto kikawa kigumu, na kitu kigumu namna hiyo hakipindi, kinakatika. Jaribu mwenyewe: ibane kwenye vaisi, ipige pembeni kwa nyundo. Nyeusi inavunjika mapema tu, ya mbao ya chuma laini inalala kwanza. Sasa bawaba inavutwa pembeni kila mlango unapofunguliwa. Skrubu inayopinda kidogo inakupa onyo, ile nyeusi haionyi.

Jambo la pili ni rangi yenyewe. Ule weusi ni fosfeti na mafuta kidogo, hauzuii maji. Bafuni, jikoni chini ya sinki, nje, zote zinaota kutu. Na kwenye dari ya jipsam, ukikaza hadi kichwa kikachana karatasi ya ubao, skrubu haishiki tena. Inayoshika ubao ni ile karatasi. Kichwa kizame chini ya uso kwa milimita moja tu, kisha upige puti.

Halafu nyeusi zipo za aina mbili. Za meno mapana ni za fremu ya mbao, za meno ya karibu karibu ni za chaneli za chuma. Ukichanganya, za mapana zinazunguka tu kwenye chaneli, za karibu zinasaga mbao ikawa unga. Boksi zinafanana, kwa hiyo fungua.

Makabati ya MDF na chipibodi (mbao za unga au chembe zilizogandishwa) tumia skrubu za chipibodi, njano au nyeupe. Ukiingiza upande wa unene wa MDF (ukingoni), toboa kwanza kwa biti ya 3 kwa skrubu ya 4, na uache angalau sentimita 5 kutoka kwenye kona. Bila kutoboa, ubao unafunguka tabaka, na ukishafunguka hauungi.

FundiPapi
Nakubaliana na Nati17. Naongeza vipimo vya kutobolea njia kwa mbao zetu, vyote kwa milimita.

Paini: skrubu ya 4 biti 2.5, ya 5 biti 3, ya 6 biti 4.
Mninga, mkongo, mtiki: ya 4 biti 3, ya 5 biti 3.5 hadi 4, ya 6 biti 4.5.

Kwenye mkongo usijaribu bila njia. Skrubu ya bei yoyote itakatika. Paka nta ya mshumaa kwenye meno, inaingia bila kelele.

Kitasa Kikavu
Sabuni ya kipande pia inafanya kazi hiyo hiyo, na ipo kila nyumba.

FundiPapi
Inateleza vizuri, ndiyo, lakini sabuni inavuta unyevu na kuukalisha kwenye meno. Kwa hewa ya Dar utakuja kukuta kutu na doa jeusi kwenye mbao. Mshumaa mmoja unatosha mlango mzima. Tumia mshumaa.

Mama Kigamboni
Habari zenu. Huku kwetu karibu na bahari kutu ni balaa. Bawaba za kabati, skrubu za dirisha, komeo la geti, vyote vinabadilika rangi mapema. Wauzaji wanasema "hizi stenlesi" kwa kila kitu kinachong'aa. Nitajuaje? Na sumaku inasaidia?

Bisibisi_Nyota
Shikamoo mama. Tuanze na kinachong'aa. Skrubu nyingi nyeupe na njano madukani zina mpako wa zinki uliopakwa kwa umeme, unene wake ni kama mikroni 5 hadi 12. Kwa chumbani Ubungo au Tabata inatosha kabisa. Kwa upepo wa chumvi wa Kigamboni, Kunduchi, Mbweni au Msasani, mpako huo unaliwa haraka. Utaona kwanza unga mweupe, hiyo ni zinki inajitoa. Ukiisha ndipo kutu nyekundu inaanza. Iliyozamishwa kwenye zinki ya moto ina mpako wa mikroni 40 na kuzidi, ni ya kijivu isiyong'aa na ina mikwaruzo kidogo. Ya moto haipendezi kuitazama lakini ndiyo bora kwa nje. Mpako huo hujaza meno, kwa hiyo boliti yake inunuliwe na nati yake iliyotanuliwa. Nati ya kawaida haitapanda.

Stenlesi ina madaraja. A2, inayoitwa pia 304, ni ya ndani, bafuni na jikoni. A4, yaani 316, ndiyo ya baharini. Kwenye vichwa vya boliti za M5 na kuendelea, za kiwanda makini huwa na maandishi A2-70 au A4-70. Skrubu ndogo za mbao kwa kawaida hazina alama.

Sumaku inasaidia nusu. Ikivutwa kwa nguvu sawa na msumari, si A2 wala A4. Ikivutwa kidogo sana, bado inaweza kuwa A2 halali, kwa sababu chuma hicho kikifinyangwa baridi hupata usumaku kidogo. Na ipo 410, stenlesi kweli lakini inavutwa na sumaku na inaota kutu pwani. Hutumika sana kwenye skrubu zinazojitobolea.

Kipimo cha nyumbani ni hiki mama. Nunua tano tu kwanza. Futa mafuta kwa sabuni. Weka gramu 35 za chumvi kwenye lita moja ya maji, karibu sawa na maji ya bahari. Zamisha skrubu nusu, nusu ibaki nje, acha siku tatu, ukilowesha ile nusu ya juu asubuhi na jioni. Ya zinki nyembamba itaanza kutoa unga mweupe, nyingine zitatoa kutu. 410 itatoa vidoa vya kahawia. A2 itabaki safi. Hiki hakitenganishi A2 na A4, kwa hiyo kwa geti la nje na reli za baraza nunua boliti zenye alama.

Nati17
Naongeza onyo moja kwa mama. Stenlesi ni laini kuliko chuma cha skrubu ya njano. Toboa njia kamili, usiilazimishe. Na nati ya stenlesi kwenye boliti ya stenlesi hushikana zenyewe ukikaza kwa mashine: meno yanayeyukiana na huifungui tena, unakata. Paka grisi, kaza taratibu kwa mkono.

Mama Kigamboni
Marahaba wanangu. Basi na bati langu la paa niweke skrubu za stenlesi hizo hizo?

FundiPapi
Hapana mama, hapo subiri. Hili linahitaji maelezo marefu.

Skrubu ya stenlesi kwenye bati la zinki au la alumini na zinki, karibu na bahari, inakula bati. Metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi, ile dhaifu inaliwa, na hapa dhaifu ni mpako wa bati lako. Skrubu itabaki inang'aa na tundu linapanuka kuizunguka. Tumia skrubu za bati zenye mpako mzito wa zinki unaotajwa na mtengenezaji wa bati kwa maeneo ya pwani. Muulize muuzaji wa bati daraja la skrubu kabla ya kununua bati, si baada.

Kwenye skrubu ya bati ya bei nafuu, sehemu inayokuangusha kwanza ni mpira. Mpira mzuri ni EPDM (aina ya mpira wa kiwandani unaovumilia jua). Ubonyeze kwa ukucha: unarudi, alama inapotea. Wa plastiki unabaki na alama, na ukiukunja unaonyesha mstari mweupe. Jua la Dar linaukausha, unapasuka, maji yanafuata shina la skrubu hadi kwenye papi (miti au vyuma vinavyobeba bati). Angalia pia kama mpira umegandishwa kwenye washa ya chuma. Ukizunguka wenyewe kwa vidole, achana nao.

Ncha iendane na unachokifungia. Papi za mbao zinataka ncha kali yenye mfereji mdogo pembeni. Papi za chuma zinataka ncha ya drili. Ncha ya drili kwenye mbao inachimba tundu pana kuliko inavyotakiwa, na skrubu inashika nusu. Upepo wa masika ukija ndiyo utajua.

Urefu: ukifungia juu ya mgongo wa bati, chukua urefu wa mgongo, ongeza angalau milimita 30 za kuingia kwenye mbao. Mgongo wa milimita 25 maana yake 55, hivyo nunua 60 au 65. Wauzaji watakusukumia 50 kwa sababu ni rahisi. Usikubali.

Idadi: kadiria 6 hadi 8 kwa mita ya mraba. Paa la mita za mraba 100 kwa 7 ni 700, ongeza asilimia 5, nunua kama 735. Pembeni mwa paa na kwenye kofia (kilele cha paa) weka kwa ukaribu zaidi, maana huko ndiko upepo unakoanza kunyanyua.

Kukaza: drili yenye klachi, mwendo wa taratibu, wima. Mpira utokeze kidogo tu kuzunguka washa, sawasawa pande zote. Ukisambaa umezidisha na utapasuka, ukiwa bado unazunguka umepunguza. Na vumbi la chuma lifagiliwe siku hiyo hiyo kwa brashi laini. Chembe zile zikilala na umande usiku mmoja, zinaacha madoa ya kutu juu ya bati jipya, na watu wanamlaumu mwenye bati.

Halafu papi zilizotiwa dawa, zile za kijani. Dawa hiyo ina shaba, na shaba inakula zinki nyembamba. Misumari na skrubu za mpako wa umeme kwenye mbao hizo huisha mapema, hasa mbao zikiwa bado mbichi. Zikauke kwanza, na tumia zilizozamishwa kwenye zinki ya moto.

Mgeni wa Jiji
Na kuning'iniza kabati la jikoni kwenye ukuta wa tofali za saruji? Fisha nazinunua kwa pakiti, zinatoka zenyewe.

Kitasa Kikavu
Zinatoka kwa sababu mbili: fisha yenyewe, na lipu.

Lipu yako ina milimita 12 hadi 20. Hiyo haishiki kitu. Fisha ya milimita 6 yenye urefu wa 30 ikiingia hapo, nusu yake au zaidi inaweza kuwa kwenye lipu. Fisha inatakiwa iishie ndani ya tofali kabisa.

Kabati la futi tatu likijaa vyombo laweza kufika kilo 50 na zaidi. Kwa hilo weka sehemu nne angalau, fisha ndefu za milimita 10 kwa 80 au 100 pamoja na skrubu zake za 7. Toboa kwa biti ya 10, kina kizidi fisha kwa sentimita moja. Hapa wengi wanaharibu: tofali za mtaani zikiwa na saruji kidogo zinasagika. Kwa tofali hizo zima nyundo ya drili, tumia mzunguko peke yake, anza na biti ya 8, upanue kwa 9 au 9.5 kama inapatikana. Puliza vumbi lote kwa pampu ya baiskeli au mrija. Vumbi likibaki, fisha inateleza juu yake.

Fisha nzuri ni nailoni. Ikunje: inapinda na kurudi. Ya plastiki iliyorudiwa inang'aa, ni nyepesi, inapasuka kwenye mkunjo. Jaribio lingine la dukani: kaza skrubu ndani ya fisha ukiwa umeishika mkononi. Ifunguke pande zote sawa. Ikifunguka upande mmoja, ukutani itafanya hivyo hivyo.

Urefu wa skrubu ni urefu wa fisha, ongeza unene wa kitu unachofunga, ongeza kipenyo kimoja cha skrubu. Ncha itokeze nje ya fisha kwa ndani, la sivyo mwisho wa fisha haufunguki. Fisha 6 inachukua skrubu za 4 hadi 5, fisha 8 inachukua 5 hadi 6, fisha 10 inachukua 6 hadi 8.

Na ukuta ukiwa dhaifu sana, funga kwanza ubao wa mninga wa inchi 4 ukutani kwa urefu wote, sehemu sita au nane, halafu kabati lifungwe kwenye ubao. Mzigo unagawanyika.

Nati17
Boliti sasa, maana hapa ndipo hatari ilipo.

Angalia kichwa. 4.8, 8.8, 10.9. Namba ya kwanza mara 100 ni nguvu ya kuvutika hadi kukatika kwa megapaskali, 8.8 ni 800. Namba ya pili inakuambia inaanza kupinda ikifika sehemu gani ya nguvu hiyo: 0.8 ya 800, yaani 640. Boliti isiyo na maandishi ihesabu kuwa ya daraja la chini. Kwa bawaba za geti jepesi au fremu ya kitanda, isiyo na maandishi inatosha. Kwa stendi ya tenki la maji la lita 1,000, hiyo ni tani moja ya maji bila kuhesabu tenki, weka 8.8 iliyozamishwa kwenye zinki ya moto.

Tatizo la pili ni mchanganyiko wa inchi na milimita kwenye debe moja. Boliti ya 5/16 ina unene wa milimita 7.9, M8 ina 8, kwa macho ni kitu kimoja. Lakini M8 hatua ya meno ni 1.25 na 5/16 ya kawaida ni karibu 1.41. Nati inapanda mizunguko miwili, inakaza, mtu anadhani imefika. Akilazimisha kwa spana, meno yanaliwa. Sheria yangu: nati ipande kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho wa meno, hapo hapo kaunta, boliti moja moja. Isiyopanda inarudi.

Pima na kimo cha nati. Ya M8 iwe kama milimita 6.5, ya M10 milimita 8. Zipo nyembamba za 5, zinauzwa bei ileile, na zinachomoka. Ukimaliza kukaza, meno mawili au matatu yaonekane nje ya nati.

Kwa wachomeleaji: boliti yenye zinki isichomelewe kabla hujasaga mpako pale unapochomelea. Moshi wake unaleta homa na kifua.

Kitasa Kikavu
Bawaba na kufuli nitapita haraka.

Mlango wa mninga wa futi 7 una kilo 35 hadi 45 hivi. Bawaba tatu za inchi 4, unene wa bapa milimita 2.5 au zaidi. Za bei ya chini zina 1.5. Ishike bapa zote mbili, zitikise juu na chini: pini ikicheza leo, mlango utashuka na kukwaruza sakafu. Ya juu ikae inchi 6 au 7 kutoka juu, ya chini inchi 9 au 10 kutoka chini. Ya tatu ikae karibu na ya juu kuliko katikati, maana juu ndiko kunakovutwa.

"Shaba" nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Sumaku hapa inajibu moja kwa moja: ikivutwa, si shaba. Na kama ni shaba kweli, skrubu zake ni laini. Toboa njia, ingiza skrubu ya chuma ya saizi hiyo hiyo ikate meno, itoe, ndipo uweke ya shaba.

Kichwa cha skrubu kizame kabisa kwenye bapa. Kikitokeza nusu milimita, bawaba haifungi, mlango unarudi nyuma wenyewe, na ukiusukuma unang'oa skrubu.

Kufuli: pitisha tupa taratibu kwenye upinde, sehemu isiyoonekana. Ikiteleza, chuma kimeimarishwa kwa moto. Ikichonga, msumeno wa mkono utaumaliza.

Mgeni wa Jiji
Swali la mwisho kwa upande wangu: ninunue wapi na kwa kiasi gani bila kupunjwa?

Bisibisi_Nyota
Boksi kubwa, Kariakoo upande wa Gerezani. Boliti, nati na vifaa vya chuma tembea pia Mtaa wa Nkrumah. Vifaa vya fanicha, reli za droo na bawaba za kabati, ulizia Keko kwa maseremala, wanajua duka gani mzigo wake ni mzuri mwezi huu. Duka la mtaani ni la dharura: skrubu nane usiku, sawa; mia tatu, panda gari.

Hesabu idadi kwa mizani. Hesabu skrubu 50 kwa mkono, pima, kisha pima boksi zima bila karatasi. Zikiwa 50 ni gramu 100 na boksi ni gramu 880, una 440, haijalishi limeandikwa 500. Misumari ya inchi 4 iwe kati ya 80 na 100 kwa kilo kutegemea unene; ikizidi sana hapo, ni myembamba na itapinda kwenye mkongo. Mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo. Tafuta alama ya TBS kwenye kifungashio pale inapokuwepo, na dai risiti ya EFD, maana ndiyo ushahidi wako ukirudisha mzigo.

Kununua kwa kiasi: usichukue boksi la 1,000 la saizi ambayo huna kazi nayo. Kwa matengenezo ya nyumba ya kawaida, 4x40 ndiyo inayoliwa sana, chukua 500. 3.5x16 za bawaba za kabati, 200. 5x60, 100. Fisha za 8, pakiti moja ya 100. Vingine vinunuliwe kwa kazi.

Zihifadhi kwenye chupa zenye mfuniko, si kwenye boksi la karatasi. Karatasi inanyonya unyevu wa masika, na zile za chini ndizo zinaanza kutu.

Mama Kigamboni
Na zile zilizokwisha kukatikia ndani ya fremu ya mlango, nifanyeje? Fundi anataka kubadilisha fremu nzima.

FundiPapi
Usibadilishe fremu mama. Kama kipande kimetokeza hata milimita tatu, kishike kwa plaizi ya kubana, zungusha kinyume taratibu. Kikigoma, kipashe moto kwa pasi ya kulehemu dakika moja au mbili, kiache kipoe, jaribu tena. Kutu inaachia mbao.

Kama kimezama, usikichimbe kwa patasi. Toboa kukizunguka kwa mrija wa chuma uliochongwa meno kwa tupa, kipenyo cha ndani kizidi skrubu kidogo tu. Kwa skrubu ya 5, mrija wa 6 ndani na 8 nje. Uzungushe kinyume cha saa, mwendo mdogo, mpaka uzidi urefu wa kipande, kisha kitoke pamoja na mbao yake.

Tengeneza kijiti cha mninga cha milimita 8, paka gundi ya mbao ya kuzuia maji, kigonge kwa nyundo ndogo, kata usawa wa fremu. Acha hadi kesho yake. Halafu toboa njia mpya kwa biti ya 3.5, paka nta, na uingize skrubu ya 5 iliyo ndefu kuliko ya zamani kwa sentimita mbili, ili ncha yake ipite kijiti na kuikamata fremu yenyewe.